Kalondu na Kuku wa Lori

Lori lilipopinduka, Kalondu alikuwa shambani akivuna mbaazi, na mwanzoni alidhani ni tangi la maji la jirani limeporomoka. Kisha akasikia kelele za kuku. Walikuwa wengi kuliko kuku wa kijiji kizima. Akaacha kikapu chake palepale, akateremka mbio kuelekea barabara ya lami.

Kwenye mteremko, kabla ya njia inayoingia Kasikeu, lori lilikuwa limelala ubavu. Kreti zilitapakaa mpaka ndani ya mtaro, nyingine zimepasuka, na kuku wa rangi ya kahawia walijaa barabarani bila kujua pa kwenda. Watu walikuwa wameshafika. Huyu ana gunia, yule ana beseni, na mzee mmoja wa kanisa alikuja na wilbaro kabisa. Kaluki, jirani ya Kalondu na mwenzake wa kwaya, alimpita akihema, ameshika kuku watatu kwa miguu, vichwa chini.

"Mama Wayua, unasimama kwa nini? Chukua!"

Kalondu hakuchukua. Alikuwa amemwona dereva ameketi ukingoni mwa barabara, amejishika mkono, uso umelowa jasho. Alifungua leso kiunoni, akamfunga mkono na kuuning'iniza shingoni, akamtuma mtu amletee maji, akasimamisha boda boda na kumwambia mwendeshaji ampeleke huyu mtu zahanati sasa hivi, si baadaye. Mwendeshaji alikuwa na kuku wawili ndani ya koti lake. Alikubali mara moja.

Hivyo ndivyo Kalondu alivyokuwa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye sauti iliyovuka bonde bila msaada wa simu. Kanisani aliongoza kwaya. Wakati kamati ya maji ilipobishana mwaka mzima kuhusu mahali pa kuchimba kisima, ni yeye aliyemleta fundi, akawaonyesha wazee pa kuketi, na jioni ile kazi ikaanza. Hakuwa mkorofi. Alikuwa tu hajazoea kuomba ruhusa ya kufanya jambo lililokuwa wazi.

Alipomaliza na dereva, barabara ilikuwa karibu tupu. Zilibaki zile kreti za chini kabisa, zilizobanwa na uzito wa nyingine, na ndani yake kuku ambao hakuna aliyewataka: wenye bawa lililovunjika, wenye shingo zisizo na unyoya hata mmoja, wengine wamelala tu, wanapepesa macho.

"Na hawa?" aliuliza.

"Hizo achana nazo, mama," dereva alisema akipanda pikipiki. "Ni leya zilizomaliza kutaga. Zilikuwa zinaenda Nairobi kuchinjwa. Hata tajiri wangu atahesabu zimekufa."

"Hazijakufa. Mwambie ziko kwa Kalondu, ile nyumba yenye mlango wa bluu karibu na kanisa."

Dereva alimtazama kama mtu asiye na akili timamu, kisha pikipiki ikaondoka.

Alirudi shambani kuchukua kikapu cha mbaazi, akawabeba kumi na mmoja kwa awamu mbili. Wawili walikufa kabla ya kufika nyumbani. Mumewe, Muindi, alikuwa kwenye kibanda chake cha useremala akipiga randa. Alikuja akachungulia, vumbi la mbao likiwa kwenye nyusi.

"Kijiji kizima kimeleta nyama nyumbani," alisema taratibu. "Wewe umeniletea wodi."

"Wodi inahitaji vitanda, Baba Wayua. Nitengenezee banda."

Muindi alikuwa mtu wa maneno machache. Alikwenda kutafuta misumari.

Siku za kwanza zilimfundisha Kalondu mambo ambayo hakuwahi kuyafikiria, yeye aliyefuga kuku tangu utotoni. Hawa hawakujua ardhi. Uliwaweka chini, wakabaki hapo hapo ulipowaweka, kama mabeseni. Kucha zao zilikuwa ndefu, zimepinda kwa kukaa juu ya waya maisha yao yote, na wakijaribu hatua moja walijikwaa. Midomo yao ilikuwa imekatwa ncha, kwa hiyo punje ya mtama ilikuwa kazi: wanadona, inateleza, wanadona tena. Ule upanga wa kichwani, ambao kwa kuku mwenye afya husimama mwekundu, kwao ulikuwa umelala upande kama jani lililopigwa na jua, rangi yake ya uji.

Alikata kucha kwa mkasi wa kushonea. Majeraha aliyaosha kwa maji ya chumvi, mabawa mawili akayafunga kwa vitambaa. Chakula walijaribu. Lakini maji walikataa. Bakuli lilikuwa mbele yao, limejaa, nao walikaa na kiu huku midomo wazi. Kalondu aliwachovya midomo mmoja mmoja, wakatikisa vichwa tu. Siku ya pili asubuhi, akinawa mikono karibu nao, tone moja lilining'inia kwenye ncha ya kidole chake. Kuku mmoja alinyoosha shingo akalidona. Kisha mwingine. Kalondu alisimama pale ameinua kidole, akaelewa. Kule walikotoka, maji hayakukaa kwenye bakuli. Yalitoka tone kwa tone kwenye bomba lililo juu ya kichwa.

"Baba Wayua! Niletee kibuyu cha plastiki cha lita tano na msumari mdogo!"

Walikining'iniza kibuyu juu ya bakuli, kimetobolewa tundu dogo. Kuku walilifuata tone kwa macho, wakanywa, na tone lililowakosa likaanguka ndani ya bakuli. Baada ya siku kadhaa walitambua kwamba kile kilichokuwa kwenye bakuli ni kile kile. Siku aliyomwona wa kwanza ameinamisha kichwa akanywa kama kuku wengine wote duniani, Kalondu aliimba ubeti mzima wa wimbo wa Jumapili peke yake uani, na Muindi akazima redio ili asikie vizuri.

Kaluki alikuja kuangalia. Kuku wake wa lori alisema amekwisha kuwamaliza, wengine kwenye sufuria, wengine sokoni.

"Kalondu, hizi si kuku. Hii ni supu inayotembea."

"Hata kutembea bado," Kalondu alijibu. "Usiwasifu mapema."

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, aliwatoa bandani na kuwapanga kivulini. Aliwarushia mchwa, mbali kidogo leo, mbali zaidi kesho, ili lazima wasogee. Mchwa aliwatega kwa namna mama yake alivyotega: chungu kilichopasuka, ndani yake mavi makavu ya ng'ombe na magunzi yaliyoloweshwa, kinafunikwa juu ya kichuguu usiku kucha. Jioni ilipofika, kuku wake wa kienyeji walipanda bandani kwao wenyewe, lakini hawa wa lori walibaki wamesimama wanatazama ukuta, maana mahali pao pa zamani taa hazikuzimwa kwa wakati na giza halikuwa na maana. Kalondu aliwabeba mmoja mmoja kama mikate. Muindi aliwawekea ubao wa kulalia, nusu shubiri tu kutoka chini, na kila walipouzoea aliupandisha kidogo bila kumwambia mtu.

Pole pole manyoya yalianza kuota, kwanza kama miiba midogo ya buluu shingoni, kisha laini. Walijifunza kuchakura. Walijifunza kujigaragaza kwenye vumbi, na siku ya kwanza walifanya hivyo kwa fujo mpaka Kalondu akadhani wamepatwa na kifafa. Chanjo ya ugonjwa wa kideri aliwatia mwenyewe, tone moja kwenye jicho, wote, wa lori na wa kienyeji.

Kilichomshinda kilikuwa mwewe. Alishuka mchana mweupe, akamchukua yule aliyekuwa mbele ya wenzake kwa kutembea, aliyekuwa amefika mpaka kwenye kishamba cha sukuma wiki. Wa kienyeji walikuwa wamekwisha kuingia kwenye miiba. Hawa wa lori hawakuinua hata macho. Waliendelea kudona mahali mwenzao alipokuwa. Kalondu alipiga kelele iliyowatoa watu kwenye nyumba tatu, akarusha jembe, lakini mwewe alikuwa ameshapanda.

Alikaa kwenye kizingiti muda mrefu, jembe miguuni.

"Ndio maisha ya kuku," Muindi alisema, akikaa kando yake.

"Maisha ya kuku ni kukimbia. Hawa hakuna aliyewafundisha kukimbia."

"Na wewe utawafundisha? Utapiga magoti uwalilie kama kuku?"

"Siyo mimi," alisema Kalondu.

Alikuwa na mtetea mmoja mzee wa madoadoa, mkali, aliyekwisha kulea vifaranga miaka mingi na asiyeogopa hata mbwa. Tangu mwanzo alikuwa amewatenga kuku wa lori na wa kienyeji, maana wa kienyeji waliwapiga. Sasa alimtoa huyu mzee peke yake akamfungia na wale wanane. Juma la kwanza lilikuwa vita. Mzee wa madoadoa aliwadona vichwani akawafukuza kwenye chakula, na Kalondu aliingilia pale tu damu ilipotoka. Kisha kila mmoja akajua nafasi yake. Alipowafungulia, walimfuata yule mzee kama darasa linavyomfuata mwalimu. Alipotoa ile sauti yake nyembamba ya kuonya, akachomoka kuelekea kwenye miiba, nao walikimbia. Hawakujua wanakimbia nini. Walimkimbilia yeye tu. Lakini kivuli cha mwewe kilipita juu ya ua mtupu, na Kalondu, aliyekuwa akipepeta ndengu, aliweka ungo chini akapiga makofi.

Mambo yalikuwa hivyo pikapu ya bwana mmoja iliposimama mbele ya mlango wa bluu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya sufu licha ya joto, na nyuma ya gari alikuwa na kreti tupu.

"Hodi, mama. Mimi naitwa Wahome. Nina duka la kuku kule chini, barabara ya Mombasa. Dereva wangu aliniambia nimtafute Kalondu."

"Umempata. Na umechelewa sana, nimekungoja. Mkono wake umepona?"

Wahome alishangaa kidogo. "Umepona. Anakusalimia."

"Basi karibu ukae. Chai iko."

Alikaa, akavua kofia. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyezunguka siku nzima. "Nimepita nyumba nyingi, mama. Kila mahali naambiwa hapa sisi hatuli kuku. Naambiwa hivyo, na manyoya yako mlangoni."

Kalondu alicheka mpaka kikombe kikatikisika. Upande wa pili wa ua wa minyaa, Kaluki aliyekuwa akianika nguo aliinama ghafla kana kwamba ameangusha kitu.

"Kuku zako ziko," Kalondu alisema. "Njoo uone."

Walikuwa chini ya mti wa mlangoni, wanajigaragaza vumbini. Wahome aliwatazama wale kuku wenye manyoya yanayong'aa na panga nyekundu vichwani, akatikisa kichwa.

"Hizi si zangu. Zangu zilikuwa zimekwisha."

"Tazama midomo."

Aliinama, akaona midomo iliyokatwa. Kalondu aliona jinsi uso wake ulivyobadilika kutoka kwa mtu anayeshangaa mpaka kwa mfanyabiashara anayepima uzito kwa macho.

"Mama, asante sana. Umeshughulika, na sitakusahau. Wacha nilete kreti."

"Kreti za nini?"

"Si ni zangu?"

"Ni zako, sikatai. Lakini hizi hazitoki hapa. Chagua kitu kingine."

"Kitu gani kingine?"

Kalondu alionyesha upande wa pili wa ua, kwenye kundi lake la kienyeji. "Wale. Majogoo watatu wale, wazito, chukua. Hata Nairobi watu wanapanga foleni kwa kuku wa kienyeji."

Hapo Muindi alitoka kibandani. "Mama Wayua," alisema kwa sauti ya chini. "Jogoo wa Ikutha, hapana."

Alisema kwa Kikamba. Yule jogoo mkubwa mwekundu Muindi alimpokea kwa dada yake aliyeolewa Ikutha, akamsafirisha mwenyewe kwa basi akiwa ndani ya kapu magotini. Kila alfajiri ndiye aliyemwamsha. Kalondu alimtazama mumewe, akashusha mkono aliokuwa akionyeshea. Alikuwa amegawa kitu kisichokuwa chake, tena mbele ya mgeni.

"Ni kweli," alisema. "Huyo si wangu. Nimeteleza, Baba Wayua." Kisha akamgeukia Wahome. "Majogoo wawili. Na mitetea yangu yote ya kienyeji, ile minne inayotaga. Hiyo niliinunua kwa jasho langu."

Wahome aliwatazama kuku, akamtazama yeye, akatafuta mtego.

"Mama, wewe unajua leya iliyomaliza ni kitu gani? Mwaka mmoja, miwili, imekufa. Yai utapata moja moja. Unanipa kuku nzuri kwa kuku zilizochoka. Kwa nini?"

"Kwa sababu nimezifundisha kutembea," alisema Kalondu. "Ulizileta kwetu hazijui ardhi. Sasa zinajua. Siwezi kuzirudisha kwenye kreti."

Kicheko cha Wahome kikaanza taratibu tumboni mwake, kikapanda, mpaka akalazimika kuegemea mti na kufuta macho kwa ile kofia. Si kicheko cha dharau. Kalondu alingoja kiishe, mikono kiunoni.

"Mama yangu mzazi angekupenda wewe," alisema hatimaye. "Sawa. Nimekubali. Na yule mwenye madoadoa?"

"Huyo mzee?"

Wahome alimpapasa kifua yule mtetea, naye akamdona kidole mpaka akaruka. "Huyo baki naye. Nyama yake itaharibu meno ya watu."

Muindi ndiye aliyewakamata majogoo wawili na ile mitetea, akawafunga miguu vizuri kwa kamba laini, akawapakia mwenyewe. Alipokuwa akifunga mlango wa gari, Wahome alielekeza kidevu kwenye ua wa minyaa.

"Na jirani zako, mama? Wao walichukua ngapi?"

"Mimi nimesema ya kwangu. Ya wengine waulize wenyewe."

Wahome aliitazama ile nguo iliyoachwa inaning'inia kwa kibanio kimoja, akatabasamu, akaondoka.

Kalondu alifagia mahali ambapo mitetea yake ilizoea kuchakura. Alijua hasara aliyoifanya, na haikumuumiza kama alivyotarajia.

"Umebaki bila mtetea wa kienyeji, isipokuwa kikongwe," Muindi alisema.

"Nina hawa. Na jogoo wako, kama utaniruhusu kumsikia asubuhi."

"Nitafikiria," alisema Muindi, na mkono wake ukagusa bega la mkewe alipopita kurudi kwenye randa.

Jua halijazama Kaluki alipita katikati ya minyaa, amefunika kitu kwa leso. Alikiweka chini. Alikuwa kuku wa lori, mmoja, ngozi na mifupa.

"Huyu nilimbakisha chini ya karai jikoni," alisema bila kuinua macho. "Nilitaka anenepe kidogo kabla sijamchinja. Kula anadonadona tu, kunywa mpaka nimtilie mdomoni. Ananitazama tu. Mama Wayua, mfanyie kama ulivyowafanyia hao."

Kalondu alichuchumaa, akamgusa yule kuku kucha zilizopinda.

"Nitakuonyesha jinsi ya kumnywesha. Lakini asubuhi utakuja mwenyewe umtembeze. Mimi nina shamba."

"Nitakuja."

"Na siku ya soko utamwona Wahome, umweleze kuku wake walikokwenda."

Kaluki alikunja leso yake mara mbili. "Nitamwona," alisema.

Na kweli alimwona, akarudi na habari kwamba Wahome amempa chai, amemwambia kwamba badala ya kulipa amsaidie kutafuta mtu wa kumwuzia mbaazi. Tangu hapo Kaluki alikuja kila asubuhi. Alikuwa mkaidi, kuku wake naye mkaidi, na watu waliopita njiani walizoea kumwona mama mzima wa kanisa akirudi kinyumenyume uani, ameshika mchwa kwenye kiganja, akibembeleza.

Mayai yalikuja, machache, mengine yenye ganda laini kama karatasi mpaka Kalondu alipoanza kuwapondea maganda makavu ya mayai kwenye chakula. Mmoja wa wale wanane alikufa mwezi wa kumi, bila ugonjwa, amelala kwenye ubao wa juu kabisa ambao Muindi alikuwa ameupandisha mpaka usawa wa kifua. Kalondu alimzika nyuma ya choo na kurudi kuwalisha waliobaki. Alijua watakwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine. Wahome alikuwa amemwambia ukweli.

Mvua ilinyesha mara ya kwanza alfajiri ya Jumamosi mwezi wa kumi na moja. Ilipopungua, Kalondu aliwafungulia. Walitoka hatua tatu, wakasimama. Tone liliwaangukia migongoni, wakageuza vichwa upande mmoja kutazama juu, wote kwa pamoja, maana maisha yao yote hawakuwahi kunyeshewa. Mmoja alirudi ndani. Mwingine akatikisa manyoya, akaingia kwenye dimbwi, akatoka, akaingia tena.

Kisha ardhi karibu na kichuguu ikafunguka, na kumbikumbi wakaanza kutoka. Kwanza wachache, wakipepesuka, halafu wengi mpaka hewa ikajaa mabawa. Mzee wa madoadoa alikuwa wa kwanza. Nyuma yake wale wa lori walichomoka mbio, shingo mbele, mabawa wazi, wakiruka kudaka hewani. Midomo yao mifupi iliwakosesha mara nyingi. Walikosa, wakageuka, wakaruka tena. Jogoo wa Ikutha alikuwa katikati yao akiita, na kuku wa Kaluki, ambaye majuzi alikuwa hawezi kusimama, alipita kati ya miguu ya Kalondu akimfukuza mmoja mpaka jikoni.

Kaluki alisimama kwenye pengo la minyaa, amevaa nguo ya kwaya, mwavuli mkononi.

"Mama Wayua, mazoezi! Watu wako kanisani wanatungoja!"

"Waambie waanze na ule wimbo wa kwanza," Kalondu alisema bila kugeuka. Alivuta kigoda cha Muindi, akakiweka katikati ya ua wenye matope, akakaa. "Na wewe njoo hapa kwanza. Huyu wako amekamata wangapi?"

Kaluki alitazama upande wa kanisa. Kisha akakunja mwavuli.